Mikia Iliyopinda

Mafuta ya kupaka ya Wegesa yalikuwa na tabia mbaya. Kijijini kwake Nyarero, kwenye baridi ya asubuhi, yaliganda na kutulia kama wanafunzi mbele ya mkuu wa shule. Yakiteremka kwenye machimbo ya dhahabu Gorong'a, yaligeuka uji. Juzi kopo lilimwagikia mfukoni mwa Waitara, mkubwa wa kundi la wachimbaji, doa likakaa mahali ambapo mwanaume hapendi doa.

"Umenikojolesha mbele ya watu, dada! Lete mengine Jumamosi. Yakiyeyuka, viganja vyetu vinarudi kwa Swaleh, muuza mafuta wa Tarime mjini."

Wegesa hakuwa na soko lingine. Akamwendea wifi yake Scholastica, mwalimu wa kemia katika shule ya Issenye, aliyekuja likizo.

"Umechanganya nini?"

"Alizeti tele, ya ng'ombe kidogo. Ya ng'ombe yananuka, wifi!"

Scholastica akamvuta hadi penye kuni. Akapanga vipande vilivyonyooka, vikalaliana hadi kidole hakipiti. Akapanga matawi ya mgunga yaliyopinda, yakaacha mianya ya kupita kuku. Akayagusa kwa mguu, yakaporomoka.

"Chembe za mafuta zina mikia. Ya ng'ombe, mingi imenyooka, inabanana, joto linapata kazi kuitenganisha. Ya alizeti imepinda kama kiwiko, haibanani. Joto kidogo tu, kila mmoja na njia yake."

"Kumbe nauza matawi! Basi niweke ya ng'ombe matupu."

"Utawauzia jiwe, na mawe wanayo."

Wegesa akapunguza alizeti, akaongeza ya ng'ombe, akatia mchaichai kuua harufu. Safari hii hakuyapima asubuhi. Aliliweka kopo juu ya bati, jua la mchana, akalikodolea macho kama mwizi wa kuku.

Jumamosi, machimboni, jua lilikuwa linachoma hasa. Waitara alikuja na shati jipya jeupe.

"Kaa hapo, vua kofia," Wegesa alisema, akafungua kopo.

"Unataka kufanya nini?"

"Tulia, mura!" wenzake wakapiga kelele. "Mwanaume mzima unaogopa mafuta na shimoni unaingia?"

Wegesa akaligeuza kopo juu ya kichwa chake. Waitara akafumba macho. Halikudondoka hata tone.

Akafumbua jicho moja, akainua kidole, akachota. Mafuta yakalainika kiganjani, yakaingia kwenye nyufa za ngozi.

"Yananukia chai," alinung'unika.

"Usiyanywe," Wegesa akamjibu, huku makopo yakigombaniwa kapuni.