Kiti cha Mwenye Nyumba

Mpaka wa Tanzania ulipofungwa mwaka wa sabini na saba, nyumba yangu ya Himo, ng'ambo ya pili, ilibaki mikononi mwa jirani wa huko, Philemon. Nilikuwa nimemwagiza awashe moto jikoni kila jioni, moshi ufukuze mchwa. Ulipofunguliwa baada ya miaka mingi, nilitoka Taveta mbio. Nikamkuta na mke, kuku, na watoto tele.

"Philemon! Nilikupa nyumba uilinde, wewe ukaoa humu?"

"Mama Mkamburi, niwashe moto kila jioni bila chungu juu? Watu wangeniona mwehu."

Nikaingia kwa hasira, nikajitupa kwenye kiti changu. Binti yake mdogo akanivuta leso.

"Bibi, inuka! Hapo hatukai. Mwenye nyumba atarudi."