Kitanda cha Juu na Mzungu wa Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye foleni ya ofisi ya mabweni ya chuo, na mbele yangu hapakuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na ndoo kumi na tisa, pasi moja na godoro lililokunjwa likafungwa kamba.

"Mwenyewe ameenda kunywa chai," ndoo ya mbele yangu iliniambia kabla sijauliza. "Mimi namshikia nafasi."

"Wote wameenda kunywa chai?"

"Mwenye pasi alishahitimu. Ila usiiambie, itaumia."

Nilikasirika, nikanyamaza. Niko mwaka wa pili na foleni za ofisi hii nazijua. Ukigombana na ndoo unarudishwa nyuma.

Shughuli yangu ilikuwa ndogo tu. Nilishapangiwa kitanda, Bloku C, chumba namba kumi na nne, kitanda cha juu cha dabodeka, na kilichobaki ni kusaini. Shida ilikuwa mgongoni. Mgongoni nilikuwa nimembeba Siwatu.

Hapa inabidi nieleze. Chuoni kwetu, mwenye chumba akimkaribisha rafiki aliyekosa, wakalala kitanda kimoja, tunasema amembeba. Ofisi inakataza, sisi tunabebana, maisha yanaendelea. Juzi Siwatu alinitumia ujumbe: "Atu, mwaka huu nimekosa. Nibebe. Nisipopata pa kulala hadi Ijumaa naahirisha mwaka, narudi zangu Lindi." Nikausoma, nikaweka simu chini, sikujibu. Nyumbani Tukuyu tulilala wasichana wanne kitanda kimoja, na nilikuwa na hamu, nasema ukweli, ya kunyoosha miguu bila kumpiga mtu teke. Sasa ndotoni nimembeba kwelikweli, kwa mbeleko ya kanga kama mtoto mchanga, na mtu mwenyewe ana kilo sitini na tano.

"Shuka basi nipumzike," nilimwambia.

"Nishuke niende wapi?" alisema. "Hujanijibu bado. Huku juu angalau naona mbele."

Mara niko ndani. Ofisi ni ukumbi wa mihadhara, viti mia tatu vitupu, na huko chini kabisa kuna meza. Nyuma ya meza amekaa Bwana Kufuli. Ni kufuli kubwa la shaba, limevaa tai, na linaandika polepole mno.

"Jina?"

"Atupele Mwasambili."

"Naona vichwa viwili."

"Niko peke yangu," nasema. "Huu ni mkoba."

Mgongoni Siwatu anapiga chafya.

"Mkoba una mafua?" anauliza Bwana Kufuli, na anaandika: *mkoba, mgonjwa*.

"Mkoba, eh?" Siwatu ananinong'oneza sikioni. "Haya. Asante, Atu."

Bwana Kufuli akafungua kitabu cha kanuni. Akasoma kanuni ya sita, kwamba ni marufuku mwanafunzi kubeba mtu bwenini. Nikamwambia kwa adabu kwamba hapa si bwenini, hapa ni ofisini, au ukumbini, kwa kweli hata yeye mwenyewe achague. Akatazama huku na huku.

"Sasa ni bwenini," akasema.

Na ikawa bwenini. Tulikuwa chumba namba kumi na nne, mimi, Siwatu mgongoni, na Bwana Kufuli na meza yake iliyojaza chumba kizima. Kitanda cha dabodeka kilikuwa kimeegemea ukuta, kikitutazama.

"Mmoja kwangu, mmoja kwa aliye chini yangu," kilisema kitanda cha juu. "Nyie mtalalaje?"

"Mzungu wa nne," Siwatu akajibu upesi. Alimaanisha kichwa chake huku, changu kule, kama watu wote wanavyolala wakibanana.

Bwana Kufuli akaweka kalamu chini. "Na wale watatu?"

"Watatu gani?"

"Wa kwanza, wa pili na wa tatu. Siwezi kumpokea mzungu wa nne kabla ya wenzake waliomtangulia."

"Mzee, ni namna ya kulala tu! Ni msemo!"

"Basi jaza fomu ya msemo."

"Iko wapi?"

"Zimeisha."

Nilitaka kulia kwa hasira. Lakini mlango uligongwa, wakaingia wazungu watatu, wapole, bapa kama karata, kila mmoja na kichwa juu na kichwa kingine chini. Walisema wameitwa. Wakapanda kitandani wakajipanga mmoja juu ya mwingine, na yule wa tatu akaniuliza kama kuna chandarua.

"Geuka basi, mwenzio apate pa kuweka miguu," nilimwambia.

"Nikigeuka ni kichwa tena," alijibu kwa masikitiko. "Miguu hatujawahi kupewa."

Kitanda kikalalamika kwamba kimejaa. Nikakiambia kitanda ni changu, kimeandikwa jina langu, na sijakilalia hata dakika tano kwa amani tangu ndoto hii ianze. Hapo Bwana Kufuli akainua fomu yangu akaisogeza karibu na tundu lake la ufunguo, maana ndilo lilikuwa jicho.

"Bado swali moja. Mwaka jana ulilala wapi?"

"Bwenini."

"Hatukukupangia mwaka jana."

Kanga ilinikaza kifuani.

"Kitanda cha nani?" akauliza.

"Cha Siwatu."

"Ahaa," kikasema kitanda. "Ndio nyie. Vitanda tunaongea. Mwenzangu wa Bloku A alinisimulia. Mmoja alilala ukutani mwaka mzima, mwingine akalala ukingoni, na mwezi wa tatu yule wa ukingoni akaanguka."

Ni kweli. Siwatu alianguka kutoka kitanda cha juu, akateguka kiwiko. Akamwambia matroni ameteleza bafuni, kwa sababu angesema ukweli ningefukuzwa mimi. Kesho yake alirudi na bandeji, akapanda, akalala palepale ukingoni, akaniachia ukuta. Na mimi nililala. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nililala fofofo.

Bwana Kufuli akalowanisha kalamu. "Kwa hiyo mwaka jana wewe ulikuwa mkoba wa nani?"

Aibu niliyoiona sina haja ya kuieleza. Wale wazungu watatu nao wakageuza vichwa vyao vyote sita wakatazama ukuta.

"Nishushe, Atu," alisema Siwatu. "Nimechoka kubebwa na mtu asiyejibu ujumbe."

Akafungua fundo la kanga mwenyewe, akashuka. Sikutegemea, lakini mgongo haukupata nafuu hata kidogo. Alipopita kando ya kitanda ndala yake ya kushoto ilinasa kwenye ngazi, ikamvuka, naye hakugeuka. Nje ya mlango kulikuwa na bango la kituo cha mabasi lililoandikwa LINDI, na yeye anakwenda, mguu mmoja na ndala, mmoja pekupeku.

Naokota ndala. Napiga kelele, "Siwatu, subiri, ndiyo! Jibu ni ndiyo!"

"Muda wa kusaini umekwisha," anasema Bwana Kufuli, na anajifunga. Kach!

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Wenzangu watatu wa chumba walikuwa wamekwenda kunywa chai, na mimi nilikuwa nimetanuka katikati ya kitanda changu cha juu, mikono huku, miguu kule, kama nilivyokuwa nikitamani siku zote. Nilikuwa nimelala vibaya mno. Kitu fulani kilikuwa kinanichoma ubavuni.

Nikapapasa chini ya shuka, nikatoa ndala. Ya kushoto, ya zambarau, kigwe chake kimeshikizwa kwa pini. Siwatu hajawahi kufika Bloku C hata siku moja.

Nilimpigia hapohapo. Alipokea kwa sauti ya mtu mwenye shughuli.

"Atu, sema haraka. Leo Ijumaa, nafunga mizigo, na kuna ndala siioni."

"Ya kushoto?"

"Umejuaje?"

"Iko kitandani kwangu."

Nilisikia mzigo ukitua sakafuni.

"Njoo," nilisema. "Njoo na mizigo yote. Nilipaswa kukujibu juzi, nisamehe. Wewe utalala ukutani. Mimi ukingoni."

Kisha nikasikia zipu ikivutwa.

"Nakuja," alisema. "Nije na mkoba, au mkoba ni mimi?"