Hodi ya Dirisha la Arobaini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kwenye ile Nyumba ya Madirisha Arobaini, saa sita mchana, jua la utosi. Mizuka ya pale usiku inalala. Mchana ndiyo inafanya kazi, kama watu wengine wenye shida.

Nyumba yenyewe iko jirani na gesti ninayolala wiki hii. Nasema wiki hii kwa sababu sijakaa mahali zaidi ya mwezi tangu nilipoacha shule mara ya tatu, na sitarajii kuanza leo.

Navua makobazi kizingitini, kama nilivyofunzwa. Mlango, mvule mtupu wenye misumari ya shaba, unanitazama miguu.

"Nani wewe?"

"Sekibaha. Mpita njia."

"Pita. Ila humu ndani mtu akipiga hodi, nyamaza. Anayeitikia karibu ndiye mwenyeji. Na mwenyeji haondoki."

"Haondoki mpaka lini?"

"Mpaka aitikie mwingine."

Nikaona hilo sharti dogo. Nimewahi kukaa kwa baba mkwe.

Sebuleni nakuta bibi mmoja mwembamba amekalia mbuzi anakuna nazi. Anakuna, lakini nazi haipungui. Ukutani umechomoza mkono wa Mzungu mwenye pete, umeshika kikombe cha kahawa. Birika linapumua kwenye kona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Bi. Mashavu. Kaa, usiseme sana."

Kabla sijakaa, anaingia Chande, yule mtembeza watalii niliyemsikiliza jana mchana bila kulazimishwa na mtu. Nyuma yake watalii wanane wenye kofia. Wanatupita katikati kama tunavyopita moshi.

"Hapa, wageni wetu," anasema Chande kwa sauti ya msibani, "aliuawa bi harusi siku ya harusi yake. Mpaka leo anatembea na mitalawanda yake ya mti, kwa, kwa, kwa, akimtafuta bwana harusi."

"Bwana harusi gani, mwongo mkubwa wewe!" Bi. Mashavu anamrushia chicha. Chicha inapita. "Mimi nilikuja kuazima mbuzi. Mwenye nyumba kaenda uani, mara mtu akapiga hodi. Ningenyamaza? Nimelelewa mimi! Nikasema karibu. Mwenye nyumba hakurudi tena, na mimi mpaka leo wali wangu uko jikoni, nazi sijatia."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu huyo wa ukutani ana mwili."

Mkono unainua kikombe kuthibitisha.

"Na huu," anaendelea Chande, "ni mkono wa Mjerumani aliyeijenga nyumba hii peke yake."

Mkono unatikisa kidole: hapana.

"Walijenga watu mia mbili, kwa viboko," Bi. Mashavu ananieleza. "Yeye alitia mkono kwenye chokaa kuona kama imekauka. Haikuwa imekauka."

"Na hao mia mbili, mbona hawatokei?"

"Watokee wafanye nini? Nyumba hii walishaichoka wakiwa hai."

Hilo Chande hakulisema. Watalii wanaupiga picha mkono, nao unaiweka pete yake vizuri. Kisha wanahesabu madirisha, wanapata thelathini na tisa, wanapiga kelele za raha, wanatoka.

"La arobaini liko wapi?" nauliza.

"Limekwenda sokoni kununua dagaa."

Hapo hapo, nje: "Hodi!"

Bi. Mashavu anajaza chicha mdomoni. Birika linabana kifuniko. Mkono, ambao hauna mdomo, unatulia tu, tajiri wa bahati.

"Hodi jamani!"

Mimi ni mtu niliyekula kwenye nyumba za watu miaka hamsini. Adabu ndiyo mtaji wangu pekee. Neno lilitoka kabla sijalikamata.

"Karibu!"

Dirisha linaingia ubavuubavu, limekumbatia dagaa kwenye gazeti. "Shikamoo, mwenye nyumba," linaniambia.

Bi. Mashavu anapiga vigelegele, chicha inaruka mpaka darini. "Mwanangu, Mungu akuzidishie malezi! Mie nakimbia, wali unaungua!" Anakwapua ile mbuzi ya kuazima.

Nakimbilia mlangoni. Natoka, najikuta sebuleni. Natoka tena, sebuleni. Mara ya tatu birika linaniuliza leo tunapika nini.

"Mwenyeji haondoki," unasema mlango, kwa upole wa karani anayefunga dirisha lake la kazi.

Na Chande amesharudi na kundi jingine. "Hapa, wageni wetu, alijitundika mzee mmoja kwa ajili ya mapenzi."

"Mapenzi ya nani?" napiga kelele. Mtalii mmoja anafuta machozi yake, ananipita kama moshi.

Nikaona maisha yangu: kiti hiki, pazia hili, uongo huu, miaka mia. Mimi, ambaye godoro likinizoea tu nalihama.

"Mlango," nasema, "mgeni wangu Bi. Mashavu ndiye huyo anaondoka. Nimwache aende bila kusindikizwa?"

Mlango ulishtuka hadi misumari. "Hapana! Hiyo aibu ya nyumba nzima. Msindikize hatua mbili tatu, urudi."

Tunavaa viatu kwa pupa, mimi na Bi. Mashavu, tunasukumana kizingitini. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Jua.

"Zimetosha," unasema mlango. "Ingia."

"Niingie tu hivihivi? Ndani kuna mgeni. Dirisha limetoka sokoni na joto hili, huenda limevua pazia."

Mlango ukafikiri. "Haya, piga hodi."

"Hodi!"

Kimya. Ndiyo kwanza mlango unaelewa.

"Hodi!"

Bawaba zinatetemeka. Nasikia "ka..." halafu mlango unajing'ata. Dirisha limezamisha uso kwenye dagaa.

"Hodi, ya tatu!"

Kimya.

"Basi hawapo," nikasema. "Mwenye adabu hodi tatu zikikosa jibu anakwenda zake. Nitapita siku nyingine."

Bi. Mashavu alicheka mpaka akashika kiuno, akakimbilia wali wake. Kwa... kimya. Kwa... kimya. Nikajiuliza kwa nini mguu mmoja haulii.

Nikazinduka. Gesti, asubuhi, jogoo wa jirani anafoka. Nateremsha miguu nitafute makobazi. Lipo moja. Pembeni yake pamekaa mtalawanda mmoja, mdogo, wa kike, una chicha mbichi kwenye ukingo.

Ukumbini kwa... kimya. Kwa... kimya. Mwendo huo unasimama mlangoni kwangu, pamoja na harufu ya wali ulioungua.

"Hodi."

Nimeuma mto.

"Hodi, mwanangu."

Begi nimeshafunga, dirisha la chumba hiki lina nondo. Imebaki hodi moja, na mdomo wangu, uliolelewa vizuri, umeanza kufunguka wenyewe.