Sekunde Nne za Déborah

Toka Kavimvira mpaka Kalundu, mji wetu mzima, hakuna mwanamke aliyewahi kunishinda kucheza. Bon, nimesema toka Kavimvira mpaka Kalundu. Tuseme ni ua mmoja wa Nyamianda, na wenzangu walikuwa wameketi kwa sababu chakula kilikuwa kimefika. Lakini ushahidi upo. Uko kwenye kaseti ya arusi ya Florentine. Mwaka huu, mwezi wa saba, niliuona kwa macho yangu, nikatamani ningekuwa nimevunjika mguu siku ile.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibao katika studio ya Protais, Kavimvira, mahali malori ya mpakani yanapopiga honi tangu asubuhi. Protais hupiga picha ndogo za karatasi za kuvukia mpaka. Lakini kabatini bado anayo mashine ya kusomea kaseti za zamani. Anaiunganisha na kompyuta, anasimamisha video pale unapotaka, na kile kilichosimama anakitoa kwenye karatasi. Mtu aliyekuwa anatembea anageuka photo.

Minye nilitaka mtu mmoja tu.

Binti yangu Déborah alikufa mwaka wa 2005, kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka kumi na tisa. Photo zake zilikuwa kumi na moja, katika valizi chini ya kitanda. Mwaka wa 2020 mto Mulongwe ukaacha njia yake, ukaingia chumbani mwetu bila hodi, ukaondoka na valizi, na kitanda, na ukuta. Ukuta tulijenga tena.

Kisha macho ya mume wangu Thaddée yakaanza kuzimika. Daktari aliyamulika kwa taa yake ndogo, akasema hakuna cha kupasua. Kabla ya mvua kurudi, giza litakuwa limejaa. Thaddée hakulia. Aliniambia tu, "Mama Déborah, sura ya mutoto inanitoka. Nikifunga macho naona kitambaa chake cha kichwa, chini yake hakuna mutu. Unitafutie photo moja, nimuangalie mbele ya giza kuingia."

Ndipo nikakumbuka arusi ya Florentine, jirani yetu wa zamani, mwaka mmoja kabla ya msiba. Yeye sasa anakaa juu, upande wa mlima, ambako maji hayakufika. Kaseti alinipa ikiwa imeviringwa katika kipande cha kitenge, kama mtoto mchanga.

Unyevu ulikuwa umeila. Waalikwa walipita na mistari usoni, wakikinga macho kwa mikono kila taa ya kamera ilipowafikia. Kisha akaingia mwanamke mmoja, mabega juu, kiuno hakina breki.

"Mama Déborah, huyu iko weye?" Protais akacheka.

"Iko minye. Angalia muzuri, ujifunze."

"Na herini ya pili iko wapi?"

Herini ya pili ilikuwa ziwani. Asubuhi ile nilikuwa nafua ufukoni, ikachomoka, ikazama. Sikuwa na nyingine. Nikaenda arusini na moja, na kila aliyeuliza nilimwambia kwamba wanawake wa Bujumbura sasa wanavaa hivyo, ndiyo mode, mbili ni ushamba. Kabla ya keki kukatwa, wanawake wawili walikuwa wamevua moja moja. Thaddée alicheka mpaka ndizi ikamkwama kooni.

"Ngoja," nikamwambia Protais. "Mlango wa jikoni. Ndiye huyo."

Mwenye kamera alikuwa amegeuza taa. Déborah alikuwa anatoka na sinia. Protais alihesabu: sekunde nne. Akazipitisha polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Sekunde ya kwanza, mgongo wake, anauvuta mlango kwa mguu. Ya pili anaanza kugeuka: ncha ya sikio, shavu kidogo. Ya tatu, minye. Niliona taa inanikimbia, nikairukia. Uso wangu umekijaza kioo, meno yote nje. Ya nne, mkono wa Déborah na sinia, chini ya kiwiko changu. Halafu keki.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Rudisha tena."

Sijui ni mara ngapi. Kila mara nilimwomba yule mwanamke asogee, hatua moja tu, mama, upishe mutoto. Hakusogea. Hajawahi kusikia la mtu. Tulitazama kaseti nzima mpaka mwisho, mpaka pale kioo kinapokuwa cheupe na kuvuma. Déborah hakurudi.

Protais alifuta meza isiyokuwa na vumbi.

"Mama Déborah, mulikuwa mukifanana?"

"Watu walisema ni minye mutupu."

Akairudisha kwenye sekunde ya tatu, akaiacha imesimama. Taa ilikuwa imeunguza makunyanzi yote. Miaka yangu arobaini na sita ya siku ile ilikuwa imebaki kumi na minane. Hakuniangalia. Minye pia sikumuangalia.

"Muzee anaona namna gani?" akauliza.

"Kidogo. Kila siku kidogo zaidi."

Mashine ikalia, karatasi ikatoka ikiwa na joto.

Thaddée alikuwa amenisubiri dirishani. Alikuwa amenawa uso na kuvaa shati lake la misa, lile la vifungo vyeupe. Nilimwekea photo mikononi. Aliileta karibu na pua, akaisogeza kwenye mwanga, akaihamisha toka jicho moja hadi jingine.

"Iko yeye?"

"Iko yeye."

"Anacheka."

"Alicheka siku nzima, huyu Déborah. Alikuwa anatoka jikoni na sinia ya ndizi, mwenye kamera akamwita, naye akageuka. Unaona alivyogeuka?" Nilisema maneno mengi. Nilijisikia ninavyoyasema.

Kwa jirani walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na kila mchi uliposhuka photo ilitikisika kidogo vidoleni mwake. Akaweka kidole kwenye sikio moja la photo. Akakitoa, akakiweka kwenye sikio la pili. Kikakaa hapo.

"Mama Déborah," akasema polepole, "kumbe mutoto naye alifuata mode ya Bujumbura?"