Samaki wa Daraja la Kwanza

Jumatatu ya kwanza ya Februari, saa moja asubuhi, Levina alimkuta samaki mmoja amekufa. Alikuwa yule mwekundu mwenye mkia mrefu. Alielea kiubavuubavu, jicho moja likitazama mabati ya paa, na wenzake watano wakipita chini yake bila habari naye. Levina alimtoa kwa kijiko cha chai, akamlaza kwenye kisahani, akaenda kukoroga uji.

Tangi hilo la kioo lilikuwa na wiki tatu tu katika nyumba yao ya Ntalikwa, juu ya meza iliyokuwa ya redio. Lililetwa kwa ajili ya binti yake Dafrosa, mwenye miaka minane, aliyeacha kuongea mwezi wa kumi na moja mdogo wake Revocatus alipofariki. Revocatus alikuwa na miezi minne. Alitapika siku mbili, akalegea, akalala, basi. Hospitali waliandika kwamba sababu haikujulikana. Padre akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, watu wakala wali wa msiba, kesho yake wakarudi mashambani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.

Sista wa shuleni ndiye aliyeshauri mtoto apewe kitu chenye uhai akitunze. Najiat, anayeuza samaki wa mapambo karibu na soko mjini Tabora, na ambaye alisoma sekondari na Levina dawati moja, akatoa tangi lake la zamani, pampu ya hewa na samaki sita. Siku walipomiminwa majini, Dafrosa alisogeza pua kwenye kioo akasema, "Huyu amenitazama." Lilikuwa neno lake la kwanza katika miezi miwili. Levina alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alilia kwa furaha, na kwa mengine aliyokuwa hajamaliza kuyalilia.

Kwa hiyo mtu asije akasema ni samaki tu.

Alimpigia Najiat simu.

"Maji ya bomba umeyalaza kwenye ndoo, dawa ikatoka?"

"Siku mbili nzima."

"Chakula hamwazidishii?"

"Punje kumi. Dafrosa anazihesabu mwenyewe."

"Hukubadilisha maji yote kwa mkupuo?"

"Robo tu, kama ulivyonielekeza."

"Basi sijui, shoga yangu. Wafugaji wageni ndivyo wanavyoanza. Pole."

Mchana yule samaki alikuwa amekauka. Kufika jioni alikuwa jani la tumbaku. Lilikuwa jani zuri, la rangi ya asali, kikonyo kikianzia pale mdomo ulipokuwa, mshipa mkuu ukifuata uti wa mgongo. Magamba yalikuwapo, yamejipanga. Jicho pia lilikuwapo. Gerson, mume wa Levina, aliporudi kutoka kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, akiwa na moshi hadi kwenye kope, alilichukua kwenye kisahani, akalikunja karibu na sikio, akalinusa.

"Limekauka vizuri," alisema.

Alikuwa ametumia siku sita kuchochea moto kwenye bani lile, na majani yake hayakuwa yametoka hivyo. Alilichanganya na mengine, akaomba maji ya kuoga.

Samaki wa pili alikufa kabla ya Kwaresima, wa tatu na wa nne wakafa katikati yake. Kila mmoja alikauka mchana akawa jani jioni. Levina alifanya yote aliyoyajua na mengine aliyobuni. Aliosha changarawe moja moja kwa mikono yake. Alihamisha tangi mbali na dirisha. Alimwomba Bikira Maria, kisha akaona aibu kumsumbua kwa ajili ya samaki, kisha akamwomba tena. Na kila samaki alipokufa, Dafrosa alipunguza maneno. Baada ya wa pili aliacha kusimulia habari za shule. Baada ya wa nne alibaki na "ndiyo", "hapana" na "shikamoo". Wa tano alikufa Alhamisi Kuu, na hata "hapana" haikusikika tena. Alibaki samaki mmoja, wa kijivu, asiye na sura yoyote ya maana, na mtoto aliyekaa mbele yake kila akitoka shule mpaka aitwe kwenda kuchambua tumbaku.

Mwezi wa tano soko likafunguliwa. Mteuzi wa tumbaku, mzee mmoja aitwaye Emilian, alifungua robota la Gerson kwenye ghala la chama cha ushirika, akachomoa jani katikati, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hili lina jicho," alisema.

"Ndiyo, mzee. Yako matano."

Emilian alisugua jani kwa dole gumba, akatazama magamba, akapiga chafya. "Jicho si kasoro. Kasoro ni ukungu na unyevu." Akaandika daraja la kwanza, akahamia robota la jirani. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walimuuliza Gerson samaki hao wanapatikana wapi. Akawaelekeza kwa Najiat.

Najiat naye, alipoona wakulima wanamiminika dukani kwake wakiuliza samaki wanaokauka vizuri, akaamua kwenda kujionea. Alifika Jumamosi saa nne asubuhi kwa pikipiki, na chakula cha samaki kwenye mkoba.

"Shikamoo, anti," alisema Dafrosa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Dafrosa hakujibu. Alikuwa mweupe midomoni, na shingoni amefungwa khanga kwa sababu asubuhi ile alikuwa ametapika. Levina alisema ni homa ya msimu. Watoto wote wa Ntalikwa huipata majani yanapoletwa nyumbani, ikapoa majani yakiondoka.

Kisha Levina alikwenda kumlisha yule samaki. Alichukua punje kwa vidole, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ili kuweka jiwe moja sawa.

"Ngoja," alisema Najiat. "Mikononi una nini?"

Levina alitazama mikono yake, akaigeuza, asione kitu. "Sina kitu. Ni tumbaku tu."

Lazima hili lielezwe kwa wasiotoka huko. Wakati wa kuvuna, gundi ya jani bichi hukaa viganjani ikawa nyeusi kama lami; wakati wa kuchambua, vumbi la jani kavu huingia kwenye mistari ya kiganja likakaa humo mpaka msimu mwingine. Sabuni haiitoi gundi ile. Nyanya mbichi huitoa, lakini nani asugulie mikono mboga ya watoto? Isitoshe, mwanamke mwenye viganja vyeupe msimu wa tumbaku husemwa. Mama mkwe wa Levina alimpenda kwa viganja vile. Uchafu ni tope, ni masizi, ni mavi ya kuku. Vitu hivyo mtu huvinawa. Tumbaku haikuwahi kuhesabiwa kuwa uchafu, kama vile mtu asivyonawa ngozi yake.

"Levina," alisema Najiat polepole, "ni sumu kwa samaki. Kidogo tu kinatosha. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Levina alikaa kwenye kigoda. Alikaa sana. Gerson aliingia kutafuta kamba ya katani akamkuta hivyo, viganja vimelala mapajani vikitazama juu.

"Baba Dafrosa," alisema, "Revocatus nilimwogesha kwa mikono hii. Nilimkamulia maziwa kwa mikono hii. Nilimpangusa ulimi kwa kidole hiki."

Gerson alisimama na kamba yake. Mtu asiseme hakusikia uchungu. Aliizungusha kamba kiganjani mpaka ikambana.

"Na mimi mama aliniogesha kwa mikono hiyo hiyo," alisema hatimaye. "Niko hapa. Babu wa babu yangu alibeba meno ya tembo kwa njia ile pale, ya misafara, mpaka Bagamoyo, akarudi kwa miguu yake. Sisi mizigo haituui."

"Wangapi hawakurudi?" aliuliza Levina.

Meno yale ya tembo yalikuwa mali ya babu wa babu yake Najiat, lakini hilo halikusemwa. Wazao wao sasa ni marafiki, na Najiat alikuwa ameshaletewa chai.

Najiat aliweka kikombe chini. "Huyu samaki nipeni nikamlee dukani. Na mtoto nipeni pia. Akae kwangu, shule ya karibu ipo, msimu ukiisha nitamrudisha."

Gerson alimtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimwachia aamue.

Levina alitazama mlango wa nyuma. Banda la kuchambulia lilikuwa limejaa majani mpaka kwenye kenchi. Lori la chama lingekuja Alhamisi, na likishapita halirudi mpaka mwezi ujao, majani yakiota ukungu. Watu wazima walikuwa wawili. Alifungua mdomo kusema "mchukue". Alilitaka neno hilo kwa moyo wake wote, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mchukue samaki," alisema. "Mtoto atakuja tukifunga robota la mwisho."

Najiat hakubishana. Alimtoa yule wa kijivu kwa chujio, akamtia kwenye mfuko wa nailoni wenye maji safi, akaufunga na hewa ndani. Dafrosa alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Anti, mikono yako ni misafi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ataishi."

Baada ya hapo Dafrosa hakusema tena kitu. Alikaza fundo la khanga, akaingia bandani, akaketi penye nafasi yake kati ya baba na mama, akaanza kutenga majani marefu na mafupi.

Robota la mwisho halikufungwa Alhamisi ile, wala mwezi wa sita. Mwezi wa saba majirani wanne walikuwa na matangi ya samaki, na katika fomu za Emilian ilikuwa imeongezwa safu ya majani yenye macho. Yule wa kijivu alinenepa. Kila Ijumaa Najiat alituma picha yake kwenye simu, na Levina alimwonyesha Dafrosa hapo hapo bandani. Mtoto aliitazama mpaka kioo cha simu kikazimika. Ijumaa moja aligeuka kando akatapika juu ya majani. Levina aliyasogeza majani yasilowe, akamshika mwanawe paji la uso, akachota maji ndooni, akamnawisha mdomo kwa kiganja chake.