Namba ya Mtu wa Nyumbani

Kwenye zahanati ile karani wa mapokezi walimwita Mama Kufuli, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Faili la mgonjwa halikukaa juu ya meza yake hata kwa muda wa kupiga chafya. Ukifika dirishani anakusogelea, anakuuliza kwa sauti ya chini, na aliye nyuma yako akitega sikio anarudishwa hatua mbili kwa jicho tu. Dawa za wanaotaka siri alizitia kwenye bahasha isiyo na maandishi. Mumewe alikuwa akitania kwamba siku akilazwa pale, yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa wa mwisho kujua anaumwa nini.

Sasa, mtu wa namna hiyo ndiye aliyeharibu. Angekuwa mropokaji nisingepoteza mate yangu kusimulia.

Kulikuwa na fundi cherehani, binti mdogo tu, aliyekuja kila mwezi kuchukua vidonge vya kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka kumi na mmoja. Vidonge vilimtuliza kabisa, miaka minne hakuanguka hata mara moja, na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameolewa na seremala asiyejua lolote. Bahasha aliificha chini ya vifungo, ndani ya kopo lake la ushonaji. Siku alipojiandikisha pale, baada ya kuolewa, alisema hana simu. Mama Kufuli akamwambia fomu haiendi bila namba, aandike ya mtu yeyote wa nyumbani, haipigwi hovyo. Binti akasita, kisha akaandika ya mumewe.

Na kweli haikupigwa. Mpaka mganga mkuu alipokuja na mpango mpya: kila aliyepitisha tarehe yake ya dawa akumbushwe kwa simu. Mpango mzuri, nani aupinge? Mwezi huohuo mamamkwe wa yule binti alikuja kukaa kwao, na kila binti akitaka kutoka, mama wa watu naye anatafuta viatu vyake waende wote. Tarehe ikampita. Mama Kufuli akashika orodha, akapiga, akaitika mwanamume. Karani akafanya kama alivyofundishwa. Hakutaja ugonjwa wala dawa. Alisema anapiga kutoka zahanati, na anaomba dada aambiwe asisahau miadi yake ya kila mwezi.

Ya kila mwezi. Maneno matatu tu, na nyumba ikawaka moto.

Kesho yake asubuhi seremala alikuwa dirishani, vumbi la mbao bado kwenye kope. Alikuwa amepekua nyumba nzima, ameliona kopo, amevimwaga vidonge vyote chooni, kisha ndipo akakumbuka kuuliza ni vya nini. Hasira hasara, na hasara yenyewe alikuwa bado hajaiona. Mkewe alikuwa amegoma kufungua mdomo. Miaka mitatu ya ndoa na mtoto hakuna, na mama yake alikuwa ameshaanza kumweleza maana ya hilo kwa namna anavyojua yeye.

"Mama," akasema, "niambie jambo moja tu. Ni dawa za kuzuia mimba, au ni ule ugonjwa?"

"Siwezi kusema, baba."

"Mimi ni mumewe."

"Najua. Siwezi."

"Basi sema kwamba si hayo mawili. Hilo tu, nami naondoka."

Hapo Mama Kufuli alitaka kusema. Ulimi ulimwasha. Lakini aliijua kazi yake: leo ukimwambia huyu "si hayo", kesho ukinyamaza kwa mwingine, kunyamaza kwako kumeshakuwa jibu. Akatikisa kichwa. Seremala akamtazama weee, akaondoka na jibu alilojipa mwenyewe.

Karani hakungoja chai. Alimfuata mganga mkuu chumbani akamweleza yote, na mganga akashika kichwa. Alisema vidonge vile havikatwi ghafla, kifafa kikirudi baada ya hapo hurudi na nguvu za ajabu. Lakini siri ilikuwa ya mgonjwa, si yao. Aulizwe mwenyewe. Akikubali, mume ataitwa aelezwe taratibu. Akampa bahasha mpya na kumwonya iingie mkononi mwa binti, si kwa mtu mwingine.

Mama Kufuli akachukua gauni lake moja lililokuwa linambana, akaenda kama mteja. Alimkuta binti kwenye cherehani, jicho la kushoto limevimba. Mamamkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua chache kutoka hapo, akichambua mchele na kumchambua mkwewe pamoja. Binti akachukua futi, akainama kumpima kiuno mgeni wake, na Mama Kufuli akamnong'oneza kila kitu. Daktari anaomba ruhusa tu. Waambiwe, yaishe.

"Usiwaambie, mama," binti akanong'ona. "Mchumba wangu wa kwanza nilianguka mbele ya ndugu zake. Wakavunja posa jioni ileile. Bora hawa wanidhanie malaya."

"Ukikosa vidonge utaanguka mbele ya hawa nao."

"Mamamkwe anaondoka Jumanne. Nitakuja Jumanne."

Bahasha hakuipokea. Alisema siku hizi anapekuliwa mpaka chini ya godoro. Alichukua kidonge kimoja tu, akakimeza kikavu huku akijifanya anakohoa, kisha akaandika vipimo vya gauni kwenye daftari lake kama kawaida. Mama Kufuli akaaga. Karakana ya seremala ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wazi, na alimwona akipiga randa ubao. Ilikuwa ni kuvuka tu. Alisimama pale mpaka mtu wa baiskeli akamwomba apishe njia, halafu akarudi kazini. Binti alikuwa amekataa kwa mdomo wake mwenyewe, naye karani alikuwa nani hata amsemee?

Jumatatu binti alikuwa uani anafua. Mamamkwe alikuwa ndani akifunga mizigo yake ya safari. Alipotoka kuuliza kama kitambaa chake kimekauka, alimkuta mkwewe ameangukia kifudifudi ndani ya beseni, povu limejaa kwenye nywele. Beseni la kufulia, jamani. Maji yake hayakufika hata magotini.

Wiki mbili baadaye seremala alikuja na barua kutoka hospitali kubwa. Walitaka historia ya ugonjwa wa marehemu ili wafunge uchunguzi wa kifo, na mume naye alikuwa ameomba aelezwe. Sahihi zilikuwepo, mihuri ilikuwepo. Sasa ilikuwa halali kumwambia. Mganga mkuu akamkalisha chumbani, akamwita Mama Kufuli alete faili, akamweleza kwamba mkewe alikuwa na kifafa tangu utotoni na vile vilikuwa vidonge vyake.

Seremala akauliza, "Kifafa tu?"

"Kifafa tu."

"Kaka yangu mkubwa alikuwa nacho," akasema. "Dawa hatukuwa nazo. Nimelala naye kitanda kimoja miaka tisa. Najua kumlaza ubavu, najua kusogeza vitu, najua kukaa naye mpaka azinduke. Hakuwahi kuumia mikononi mwangu."

Mganga akamuuliza kama mkewe alizijua habari za huyo kaka. Hapana, hakuzijua. Kaka alikufa kwa homa akiwa kijana, na mama yao akawakataza kumtaja, wasije wakakosa watu wa kuoana nao. Mle nyumbani hata picha yake haikuwepo.

Kisha akamgeukia Mama Kufuli. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mama, nilisimama pale dirishani kwako. Ungesema neno hilo moja, ningekuwa namleta mwenyewe kila mwezi."

Mama Kufuli alikuwa na jibu. Siri haikuwa yake, mwenye siri alikataa, na yeye alifanya kama kazi inavyotaka. Yote hayo ni kweli tupu. Badala ya kuyasema, alilikumbatia lile faili kifuani na kuanza kulia mbele ya mfiwa, na mfiwa ndiye aliyeinuka akamsogezea kiti.