Chupa Zilizofukizwa

Kata iligonga mtungi, ko, kisha kimya. Bi Mishi hakugeuka. Huu mwaka wa tatu, kila jua likielekea kutua upande wa Mwakirunge, humsikia bintiye Waridi akijitekea maji pale pembeni, na Waridi yuko makaburini.

Alikufa kwa kuharisha, mwaka ule mifereji ilipokauka na mtaa mzima ukanywa maji ya ziwa lililojaa kwenye machimbo ya zamani. Aliyemtekea ni mamake. Waridi alikuwa akinywa na kuomba, "Niongeze, mama, yananukia." Tangu hapo Bi Mishi ana swali ambalo hajathubutu kumuuliza mtu: je, ni yale maji?

Leo amekuja mpima maji, Nyamvula, binti mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi. Nikuachie chupa zangu, nikatazame maji ya vyoo yanaingilia wapi ziwani?"

"Marahaba, mwanangu. Nenda, zitakaa salama."

Chupa nne za kioo, hazina hata harufu. Bi Mishi akaona haya kwa niaba ya ziwa: mgeni hatekewi maji kwenye chombo kisichofukizwa namna ile. Akawasha chetezo, akazifungua, akazifukiza ubani moja moja, kama anavyoufukiza mtungi wake.

Nyamvula aliporudi alifungua moja, akanusa.

"Bibi! Umezifukiza?"

"Nimekosa?"

"Zilichemshwa kusudi zisiwe na kitu. Sasa nitapima ubani wako." Akacheka, akamshika mkono asitahayari. "Ninazo mbili za akiba. Twende unioneshe ulipokuwa ukiteka."

Wakashuka ziwani. Nyamvula akazamisha chupa, akampa aishike. Bi Mishi akaisogeza puani. Uvundo wa choo ukampanda hadi machoni. Maji haya haya! Nyumbani aliyatia kwenye mtungi uliofukizwa, yakatoka yakinukia kama ya harusi.

"Majibu wiki ijayo inshallah, bibi."

"Mimi nimeshayapata, mwanangu."

Akarudi, akaumwaga mtungi, akaupindua mdomo chini. Chetezo akakiweka uvunguni. Akaketi akingoja jua.

Ko.

Safari hii akageuka. Pembeni hapakuwa na mtu.

"Abee, Waridi," akajibu, kwa mara ya kwanza. "Leo sikuongezi, mama. Leo nisamehe."

Kata ikagonga tena, polepole, kwenye mtungi uliopinduliwa.